Bondi Inapogawana Sawa kwa Sawa: Hesabu za Radikali Kabla ya Kuwasha Taa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, watafiti na wanafunzi mliojaza ukumbi huu, asanteni kwa kunikaribisha.

Chukueni bondi moja tu, ile inayoshika atomu mbili za klorini. Ndani yake mna elektroni mbili, basi. Siku ya kuachana kuna njia mbili za kugawana mali. Ya kwanza, mmoja anabeba zote mbili na mwenzake anatoka mikono mitupu. Hapo tunapata ioni, moja hasi na moja chanya. Hiyo ni heterolisisi. Ya pili, kila mmoja anachukua yake. Hapo tunapata radikali mbili, kila moja ikiwa na elektroni isiyo na mwenzi. Hiyo ni homolisisi, na ndiyo iliyotuleta hapa. Ukiichora ubaoni, mshale wake una ndoano upande mmoja tu, maana unasafirisha elektroni moja. Mwanafunzi anayechora mshale wenye ndoano mbili ameandika mmenyuko mwingine kabisa, na haki yake ni kukosa alama.

Njia ipi ni nyepesi? Inategemea mko wapi. Hidrojeni kloridi ikiwa gesi, kuigawa sawa kwa sawa kunadai kilojuli 431 kwa moli, na kuigawa iwe ioni kunadai takriban 1395, zaidi ya mara tatu. Ipitisheni gesi hiyohiyo majini, inakuwa ioni papo hapo. Molekuli za maji huzizingira ioni na kulipa deni lote. Radikali haina chaji, kwa hiyo maji hayana la kuilipia, na pia hayana la kuidhuru: bondi ya hidrojeni na oksijeni katika maji ina kilojuli 497, na radikali ya kawaida ya kaboni haina nguvu ya kuing'oa hidrojeni hiyo. Ndiyo sababu mmenyuko wa radikali huvumilia vikundi vya alkoholi, na wakati mwingine hata maji yenyewe, mahali ambapo kitendanishi cha magnesi kingekufa mara moja.

Hoja yangu leo ni moja. Kupasua bondi ni sehemu nyepesi ya kazi. Kigumu ni kujua radikali itakutana na nani kwanza, na hilo hujulikana kwa hesabu ya dakika kumi kwenye karatasi kabla ya kugusa flaski. Wengi huiruka, kisha huhangaika miezi.

Tuanze na nguvu za bondi, zote kwa kilojuli kwa moli. Iodini kwa iodini, 151. Bromini kwa bromini, 193. Klorini kwa klorini, 243. Oksijeni kwa oksijeni ndani ya peroksidi ya di-tert-butili, karibu 160. Sasa upande wa kaboni na hidrojeni: methani 439, kaboni ya msingi kama ya ethani, yenye kaboni jirani moja tu, karibu 422, ya daraja la pili karibu 412, ya daraja la tatu karibu 402, na ile ya tolueni iliyo jirani na pete ya benzini karibu 375. Pete yenyewe haitaki mchezo: 472. Tofauti hizi zinatokana na radikali inayobaki. Radikali ya benzili husambaza elektroni yake hadi ndani ya pete, kwa hiyo kuizalisha ni rahisi. Radikali ya fenili imeifungia elektroni yake pembeni, haina pa kuipeleka.

Tazameni jinsi tarakimu hizo zinavyoamua nani achukuliwe. Klorini ikinyakua hidrojeni kutoka kaboni ya msingi, inavunja bondi ya 422 na kuunda ya 431. Inapata faida, hivyo haichagui. Inachukua chochote kilicho karibu. Bromini ikifanya hivyohivyo inaunda bondi ya 366 tu, yaani inaingia hasara ya kilojuli 56. Mwenye kuingia hasara huchagua kwa makini, na ndiyo maana bromini hukimbilia kaboni ya daraja la tatu na kuiacha ya msingi karibu bila kuigusa. Ila msizigeuze tarakimu hizi kuwa msahafu. Radikali zina tabia ya umeme pia: iliyopungukiwa na elektroni hupenda hidrojeni ya kaboni iliyotajirika nazo, hata kama jirani yake ina bondi dhaifu zaidi.

Historia tutaipita haraka, isipokuwa kitu kimoja kinachofaa kuonwa kwa macho. Mwaka 1900 Moses Gomberg, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alitaka kuunganisha vipande viwili vya trifenilmethili kwa kutumia metali. Alipata mmumunyo wa njano. Ukiutikisa hewani, rangi inapotea, kwa sababu radikali zimekamatwa na oksijeni na kuwa peroksidi. Uache utulie kidogo, njano inarudi. Utikise tena, inapotea tena. Rangi hairudi kwa miujiza: molekuli pacha zilizomo humo zimeshikana kwa bondi dhaifu mno, takriban kilojuli 46 tu, na zinaendelea kupasuka zenyewe katika joto la kawaida kujaza pengo, hadi akiba iishe. Huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba kaboni yenye bondi tatu badala ya nne inaweza kuishi.

Njia ya zamani ya kuanzisha mnyororo, yaani mfululizo ambamo kila radikali inazaa inayofuata, ni joto, na mtumishi wake maarufu ni AIBN (azobisisobutironitrili), kianzishi kinachozaa radikali. Inapopata joto hupasua bondi mbili na kuachia molekuli ya nitrojeni, ambayo ni tulivu kiasi kwamba haina sababu ya kurudi. Kwenye nyuzi 65 za selisiasi nusumaisha yake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni saa 10 hivi; kwenye 80 hushuka hadi saa moja na nusu. Hapo ndipo makosa huanza. Mtu anatia AIBN yote asubuhi, anachemsha kwa saa 12, jioni anashangaa mmenyuko ulisimama saa sita mchana. Hesabu ni nyepesi: saa 6 ni nusumaisha nne, na kilichobaki ni moja ya kumi na sita. Tia kwa mafungu, au isukume polepole kwa pampu ya sindano pamoja na kitendanishi kingine. Jambo jingine: si kila molekuli iliyopasuka inakupa radikali mbili za kazi. Zinazaliwa ndani ya kizimba cha molekuli za kiyeyushi, na sehemu kubwa hukutana hapohapo na kuungana kabla hazijatoka. Mara nyingi hesabu asilimia 60 tu ndiyo zilizotoka salama.

Anayefikiria kubadilisha AIBN kwa peroksidi ya benzoili kwa sababu tu iko kabatini, asubiri kidogo. Ikikauka hulipuka kwa msuguano au pigo. Ndiyo maana huuzwa ikiwa imelowa maji. Msiikaushe, wala msiipimie kwa kijiko cha chuma. Isitoshe, radikali zilizomo kwenye flaski huishambulia peroksidi yenyewe na kuiharakisha, kwa hiyo kasi yake haifuati jedwali la nusumaisha kwa uaminifu.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana tangu 2008, zilipochapishwa kazi za makundi ya David MacMillan na Tehshik Yoon huko Marekani, uwanja huu umebadilika sura. Gawanya 119,627 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, utapata kilojuli kwa moli ya fotoni. Nanomita 254 zinatoa 471. Nanomita 365 zinatoa 328. Mwanga wa buluu wa nanomita 450, ule wa taa za LED tunazozipenda sote, unatoa 266. Bondi ya kaboni na bromini katika bromomethani ni 294. Kwa hiyo taa ya buluu peke yake haiwezi kuipasua. Na hata pale nishati inapotosha, kutosha hakusaidii kitu kama molekuli hailioni wimbi hilo. Fotoni isiyofyonzwa hupita tu, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ndipo kinapoingia kichocheo cha mwanga. Chukueni kile cha rutheni chenye ligandi tatu za bipiridini, yaani molekuli tatu zilizoishika metali. Hufyonza vizuri kwenye nanomita 452, kisha hali yake iliyosisimka huishi karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda wa kutosha kugongana na molekuli nyingine na kupeana elektroni. Kikiwa kimesisimka, uwezo wake wa kutoa elektroni ni volti −0.81 dhidi ya elektrodi ya kalomeli, ambayo ni kipimo cha kulinganishia. Kikipewa kwanza elektroni na amini (kampaundi ya nitrojeni), hufika −1.33. Kile cha iridi chenye fenilpiridini tatu hufika −1.73 moja kwa moja.

Hebu tuisogelee molekuli inayopokea elektroni hiyo, kwa mfano esta ya asidi iliyofungwa kwenye N-hidroksiftalimidi, inayohitaji karibu −1.3. Elektroni inaingia kwanza kwenye kiti cha ftalimidi. Sasa molekuli ina elektroni moja ya ziada, na ziada hiyo inasogea hadi kwenye obitali pinzani ya bondi ya nitrojeni na oksijeni. Obitali pinzani ni kama kabari: elektroni ikikaa humo, bondi inalegea. Inapasuka, kipande kimoja kikiondoka na chaji hasi, kingine kikiondoka kama radikali ya kaboksili, ambayo mara moja inaachia kaboni dioksidi na kubaki radikali ya alkili. Mpasuko huu si homolisisi ya kawaida wala heterolisisi. Wataalamu huuita mesolisisi, kwa kuwa ni ioni-radikali inayogawanyika ikawa ioni moja na radikali moja. Sehemu kubwa ya utafiti wa kisasa wa kupasua bondi kwa mwanga wa buluu imesimama hapa: hatuivunji bondi ikiwa nzima, tunaidhoofisha kwanza kwa kuipa elektroni au kuinyang'anya.

Kuna bondi zinazokataa. Bromidi ya kawaida ya alkili inataka volti hasi kuliko −2, na hakuna kichocheo cha rutheni kitakachofika huko. Mwaka 2020 kundi la Daniele Leonori lilionyesha njia ya kuzunguka: tengeneza radikali kutoka amini ya kawaida, ile yenye elektroni pekee kwenye kaboni jirani ya nitrojeni, nayo itanyakua atomu nzima ya iodini au bromini kutoka kwa halidi ya alkili. Uwezo wa volti haukuulizwa kabisa, kwa sababu kilichohama ni atomu. Kwa maoni yangu, huu ni werevu kuliko kutafuta kichocheo kikali zaidi kila mwaka.

Sasa naomba muwe na subira, maana hapa ndipo penye nyama. Radikali imezaliwa. Inakwenda wapi?

Tumieni radikali ya 5-heksenili kama saa. Kwenye nyuzi 25 hujikunja na kuwa pete ya kaboni tano kwa kasi ya takriban 240,000 kwa sekunde. Mshindani wake ni hidridi ya tributilibati, inayoipa hidrojeni kwa kasi ya milioni 2.4 kwa kila moli kwa lita kwa sekunde. Ukiweka hidridi kwa moli 0.1 kwa lita, zidisha: unapata 240,000. Wamelingana, na zao lako litakuwa nusu pete, nusu mnyororo ulionyooka. Punguza hidridi iwe moli 0.01 kwa lita, pete inashinda kumi kwa moja. Haihitaji kichocheo kipya wala ligandi ya bei. Inahitaji kiyeyushi kingi au pampu ya sindano. Ukipandisha joto, pete inanufaika zaidi kidogo, kwa sababu kizuizi chake cha nishati ni kikubwa kuliko cha mshindani.

Lakini yupo mshindani wa tatu ambaye hakualikwa. Oksijeni hukamata radikali za kaboni kwa kasi ya karibu bilioni 2 kwa moli kwa lita kwa sekunde. Tolueni iliyokaa wazi hewani ina karibu milimoli 2 za oksijeni kwa lita. Zidisha tena: milioni 4 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi na sita ya kasi ya pete. Na linganisheni kiasi. Mmechanganya malighafi kwa milimoli 10 kwa lita ili pete ishinde, mkatia AIBN asilimia 10, yaani milimoli 1. Oksijeni iliyomo ni mara mbili ya kianzishi chote, na ni moja ya tano ya malighafi. Kadiri unavyopunguza ukolezi kwa sababu nzuri, ndivyo uchafu wa hewa unavyopata sauti kubwa mezani. Mtu anaona mmenyuko haukuanza kwa saa mbili, kisha ukaanza ghafla. Hakuna siri, kianzishi kilikuwa kikilipa kodi ya oksijeni.

Kuitoa si ibada ngumu. Kupulizia argoni au nitrojeni ndani ya kimiminika kwa dakika 20 hadi 30, sindano ikifika chini kabisa, kunatosha kwa kazi nyingi. Sindano iliyoning'inia juu ya kimiminika haifanyi chochote cha maana. Angalieni pia kwamba gesi hubeba mvuke; kiyeyushi chepesi kitapungua, na ukolezi mliopigia hesabu utakuwa mwingine. Kwa kazi nyeti, gandisheni, vuteni, yeyusheni, angalau mizunguko mitatu: chupa isijae zaidi ya nusu, igandishwe kwenye nitrojeni ya kimiminika, ifunguliwe kwa ombwe dakika chache, ifungwe, iyeyuke taratibu. Mapovu yakikoma wakati wa kuyeyuka, mmemaliza. Mmumunyo wa maji msiufanyie hivi, maji hutanuka yakiganda na kupasua kioo. Na onyo ambalo silirudii kwa utani: nitrojeni ya kimiminika iko nyuzi −196, argoni huwa kimiminika kwenye −186, oksijeni kwenye −183. Mkiacha chupa wazi kwa argoni au kwa hewa huku imezama humo, gesi itajikusanya ndani ikiwa kimiminika. Mkiifunga na kuitoa, kimiminika hicho kinageuka gesi na chupa ni bomu. Mkiona kimiminika cha samawati hafifu ndani ya mtego wa pampu, hiyo ni oksijeni. Acheni mtego ndani ya baridi, msiufunge, ondokeni, muite msimamizi.

Kuhusu kukuza kipimo, watu hulaumu kichocheo bila kosa. Kichocheo cha rutheni kwa milimoli 1 kwa lita kina ufyonzaji mkubwa kiasi kwamba asilimia 90 ya mwanga wa nanomita 452 unaishia ndani ya milimita 0.7 za kwanza. Katika chupa nyembamba inayokorogwa hilo linavumilika. Katika flaski ya lita moja, karibu kimiminika chote kiko gizani. Kuongeza kichocheo kunazidisha giza. Dawa ni mrija wa plastiki angavu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 hivi, umezungushwa kwenye taa na mmumunyo unasukumwa kwa pampu. Na wekeni feni. Taa ya LED iliyo karibu huweza kuipasha chupa hadi nyuzi 50 au zaidi, kisha mtu anachapisha "joto la kawaida" huku joto ndilo lililofanya kazi. Majaribio ya ulinganisho ni manne: bila mwanga, bila kichocheo, bila amini, na gizani kwenye joto lilelile lililopimwa ndani ya chupa. La nne ndilo linalosahaulika.

Niguse ushahidi pia. Kutia TEMPO, radikali tulivu inayotumiwa kukamata nyingine, na kuona mmenyuko umesimama hakuthibitishi radikali. TEMPO yenyewe hutoa elektroni kwa kichocheo kilichooksidishwa, kwa hiyo huenda mmezima kichocheo, na radikali hamkuikamata hata moja. Tafuteni molekuli ya TEMPO iliyoungana na kipande chenu kwa spektrometa ya masi, na wekeni saa ya radikali kama ile ya pete. Vilevile jaribio la kuwasha na kuzima taa halikanushi mnyororo. Mnyororo mmoja mmoja hufa kwa sehemu ya sekunde. Ukizima taa na kusubiri nusu saa, utaona umesimama hata kama kila fotoni ilikuwa inazalisha molekuli hamsini. Kinachojibu swali ni kuhesabu fotoni zilizofyonzwa na molekuli zilizozaliwa. Molekuli zikizidi fotoni, pana mnyororo.

Msidhani haya ni mambo ya flaski tu. Koenzimu ya vitamini B12 hubeba bondi ya kobalti na kaboni yenye kilojuli kama 130, na kimeng'enya huharakisha mpasuko wake takriban mara trilioni moja, katika joto la mwili, bila taa.

Nimalizie na swali ambalo huulizwa zaidi: mmenyuko umeharibika, nianzie wapi? Angalia ulichopata. Malighafi ikirudi yote, tatizo liko kwenye kuanzisha: kianzishi kimezeeka, oksijeni imekila, au bado kuna kizuizi kama BHT kwenye kiyeyushi cha tetrahidrofurani ulichokitoa moja kwa moja chupani. Ukipata alkoholi au ketoni pale ulipotarajia kaboni mpya, hewa imeingia. Kagua mpira wa kizibo uliotobolewa mara kumi. Ukipata malighafi yenye hidrojeni mahali pa halojeni, mtoaji wa hidrojeni ni mwingi, au ni kiyeyushi chenyewe, maana etha hutoa hidrojeni zake kwa wepesi. Ukipata molekuli pacha, radikali zinakutana zenyewe kwa zenyewe: zimezaliwa nyingi kwa mpigo, au mshirika uliyemwekea yuko polepole. Punguza mwanga kwa nusu, usiguse kingine chochote, kisha pima tena.